Koyote wako ni yupi? Mwongozo wa kumtambua mmoja kabla ya kutega au kuwinda

Novemba ya kwanza niliyofuga mbuzi hapa kaskazini mwa Utah, niliua koyote watatu ndani ya wiki mbili. Jimbo hili tangu mwaka 2012 linalipa dola 50 kwa kila koyote, kwa nia ya kuwalinda kulungu, na mimi nilipokea dola zangu 150 nikiamini nimemaliza kazi. Machi mbuzi wakaanza kuzaa. Kufikia katikati ya Aprili nilikuwa nimepoteza vitoto wanane, wote kwenye kona ileile ya malisho, wote alfajiri, wote wameshikwa kooni kwa namna moja. Wale watatu niliowaua hawakuwa na hatia na mbuzi wangu.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaozungumza Kiswahili na wanaofuga mbuzi na kondoo huku: Utah, Idaho, Texas na kwingineko. Wengi tumekua tukimjua bweha, na koyote ni ndugu yake, mkubwa zaidi: kilo 9 hadi 16 huku magharibi, na mashariki mwa Marekani anaweza kupita 20. Kwa kuwa tunamjua bweha, tunakuja na mazoea ya nyumbani: mnyama amekula mbuzi, basi auawe yeyote wa jinsi yake atakayeonekana. Kwa koyote, mazoea hayo yanakupotezea mwaka mzima. Kila koyote ana eneo lake, umri wake, mwenzi wake, chakula alichozoeshwa na wazazi wake, na woga wake wa peke yake. Anayekula mbuzi wako ni mmoja au wawili. Wengine wanakula panya, sungura, panzi na matunda, na wapo wanaokulindia mpaka bila wewe kujua.

Sheria kwanza

Hapa Utah koyote hana ulinzi wa sheria kama kulungu, lakini mitego ina masharti: namba ya usajili kwenye kila mtego, muda wa kuikagua, umbali kutoka kwenye chambo kinachoonekana. Jimbo jingine lina yake. Colorado mwaka 1996, California 1998 na Washington 2000, wapiga kura walipiga marufuku au kubana sana mitego ya taya. Piga simu ofisi ya wanyamapori ya jimbo lako kabla ya kununua chochote. Na hili nalisema wazi kwa sababu linawagusa wengi wetu: ukiwa Marekani kwa viza ya muda, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza kuwa na bunduki, hata ya kuazima. Ipo nafuu kwa mwenye leseni halali ya uwindaji, lakini muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla hujaigusa.

Hatua ya 1: Usome mzoga

Ukikuta mbuzi amekufa, usimburute, na mbwa wasisogee. Vaa glavu, kwa maana koyote hubeba upele, minyoo na, mara chache, kichaa cha mbwa.

Anza na koo. Koyote aliyezoea kuua mbuzi au kondoo humshika shingoni, nyuma ya taya na chini ya sikio, akabana koromeo mpaka pumzi ikatike. Kwa nje utaona vitundu viwili vitatu tu, manyoya yameloa kidogo, na usipoangalia vizuri unaweza kusema amekufa kwa baridi. Chukua kisu, chuna ngozi kuanzia kidevuni mpaka kifuani, uigeuze. Kama mbuzi aliumwa akiwa hai, nyama ya chini itakuwa imevilia damu, nyeusi kama ini, inateleza kidoleni. Kama alikufa mwenyewe na koyote akaja baadaye kula, matundu utayaona lakini nyama pembeni yake ni safi, haina damu iliyovilia. Tofauti hiyo ndiyo inayokuambia kama una muuaji au una mfagiaji wa mizoga. Mfagiaji usimguse.

Kwa kitoto kichanga, angalia kwato. Za aliyezaliwa mfu bado zina utando laini ambao haujakanyaga ardhi, na kipande cha pafu lake ukikitia kwenye ndoo ya maji kinazama. Mwaka ule nilipopima hivyo, vitoto wawili kati ya kumi niliokuwa nimewaandika kwa koyote niliwafuta. Walizaliwa wamekufa.

Chukua rula upime nafasi kati ya matundu mawili ya chonge za juu. Koyote mzima huacha kama milimita 28 hadi 35. Sasa andika ameuma mara ngapi na wapi. Mzoefu anauma mara moja, mahali pamoja, na anaanza kula ubavuni nyuma ya mbavu. Kijana anayejifunza anauma popote: paja, mgongo, shingo upande wa juu, kisha anarudia. Mbwa wa jirani ni tofauti kabisa, wanararua masikio na mapaja, wanajeruhi wengi na kula kidogo. Puma huuma kisogoni na mara nyingi hufukia mzoga kwa majani. Ukikuta mizoga mitatu yenye alama moja ya koo, upande uleule, unamfuata mtu mmoja. Nasema mtu kwa makusudi, kwa sababu kuanzia hapo ndivyo utakavyokuwa unamwaza.

Hatua ya 2: Mtenge mwenyeji na mzururaji

Hapa ndipo nilipokosea, na ndipo wengi wanapokosea.

Koyote wenyeji ni mume na mke walioshikamana kwa miaka, pengine na mtoto mmoja au wawili wa mwaka jana waliobaki nyumbani. Wana eneo lao na wanaliwekea mkojo na kinyesi mpakani. Wazururaji hawana eneo. Ni vijana waliofukuzwa au kuondoka nyumbani kuanzia Oktoba, ni wazee waliopoteza mwenzi, wanapita pembezoni mwa maeneo ya wengine wakitafuta nafasi. Mradi wa Chicago unaoongozwa na Stanley Gehrt, ulioanza mwaka 2000, uliwavisha koyote vifaa vya redio na kukuta kuwa wenyeji wa mjini wanaishi ndani ya wastani wa kilomita za mraba 5 hivi, na wazururaji wanatembea zaidi ya 25. Kwenye malisho ya wazi huku kwetu maeneo ni makubwa kuliko hayo, lakini mgawanyo ni uleule.

Sasa sikiliza. Utafiti uliofanywa kwenye kituo cha Hopland, kaskazini mwa California, miaka ya 1990, ulifuatilia nani hasa anaua kondoo. Jibu lilikuwa mume na mke wenyeji, wale ambao eneo lao linagusa malisho. Vijana na wazururaji hawakuwa tatizo. Lakini mitegoni walioingia kwa wingi walikuwa nani? Vijana. Yaani mtego uliowekwa ovyo unakupa wasio na kosa na unamwacha mwenye kosa, ambaye ni mzee, mwerevu, na anajua kila jiwe la eneo lake. Watafiti wale waliona kuwa kuua koyote wengi kwa mitego ya jumla hakukupunguza vifo vya wanakondoo, ila kumwondoa mume au mke mwenyeji kulipunguza kwa muda.

Kwa nini wao? Kwa sababu ya watoto. Koyote hupandana Januari hadi Machi, mimba ni siku 63 hivi, na Aprili au Mei wana watoto kama sita shimoni wa kulishwa. Panya mmoja mmoja hawatoshi. Huko Wyoming, watafiti walipoondoa watoto kwenye mashimo na kuwaacha wazazi hai, mauaji ya kondoo yalishuka sana. Hapa Utah walifanya jingine: waliwafunga uzazi baadhi ya koyote kwa upasuaji, wakawarudisha. Wale waliendelea kushika eneo lao na kulilinda, na wakaua kondoo wachache kuliko wenye watoto.

Kuua wengi pia hakuwamalizi. Wakipungua, majike waliobaki huzaa watoto zaidi na vijana huanza kuzaa mapema. Hesabu ya wataalamu wa California mwaka 1975 ilionyesha ingebidi kuua asilimia 75 ya koyote wote kila mwaka kwa miaka 50 ndipo waishe. Hakuna mfugaji mwenye umri huo wa kupoteza.

Hatua ya 3: Mfungulie daftari

Nunua kamera mbili za kufunga mtini, zile zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita, na daftari la shule. Funga kamera kwenye uwazi chini ya uzio na kwenye njia panda ya njia za wanyama. Usiziweke kimo cha macho ya koyote. Ziinue mita mbili na uzielekeze chini, kwa sababu wengine huziona na kubadili njia.

Nyayo: unyayo wa mbele ni kama sentimita 6 hadi 7 kwa urefu, mwembamba kuliko wa mbwa, kucha mbili za mbele zimekaribiana, na mwendo wake umenyooka kama kamba. Mbwa wa nyumbani hutangatanga. Baada ya theluji nyepesi au mvua, tembea asubuhi na mapema kabla jua halijafuta chochote.

Mimi nilimkuta wangu kwa kidole. Kwenye tope la mfereji, unyayo wa mbele kushoto ulikuwa na kidole cha nje kilichopinda kuelekea pembeni, pengine kilivunjika zamani. Nikauona tena kwenye uwazi wa uzio, mita nne kutoka mahali alipofia kitoto wa sita. Watoto wangu wakamwita Kigosho. Kamera ikanionyesha mwisho wa Aprili kuwa ni jike, chuchu zimevimba, anapita saa kumi na moja alfajiri, na daima anatangulia yeye, dume nyuma hatua ishirini. Kwa siku 40 nilizoandika, hakupita uwazi ule hata mara moja siku ambayo upepo ulitoka kwake kwenda zizini. Alikuja pale tu upepo ulipomletea harufu ya mbuzi na mbwa.

Andika hayo: saa, upepo, anatokea wapi, anatangulia nani, anasimama wapi kunusa. Andika pia tabia ya woga. Karibu na kwetu, Millville, kuna kituo cha serikali kuu kinachotunza koyote kwa utafiti, na huko waliona jambo ambalo kila mfugaji alijue: wazazi wakishazoea binadamu, kwenye uzao wa pili woga wao umepungua, na watoto wa uzao huo nao ni wajasiri kuliko kaka zao. Ujasiri unarithishwa na kufundishwa. Koyote anayekutazama mchana bila kukimbia anawalea wa namna hiyo.

Kuhusu milio, usihesabu kwa masikio. Wawili wakilia pamoja husikika kama kumi. Tumia milio kujua upande walipo, basi.

Hatua ya 4: Amua kama anahitaji kufa

Kama daftari linaonyesha wenyeji wanapita kandokando ya uzio na hawajaua, waache. Wanawafukuza wazururaji bure. Ukiwaua, ndani ya miezi michache nafasi itajazwa, na huwajui wanaokuja wamelelewa kwa chakula gani.

Na kama wanaua, bado fanya haya kwanza kwa sababu utayahitaji hata baada ya kumwondoa: mbuzi wazalie bandani na vitoto wakae ndani majuma ya mwanzo, kundi lilale zizini, mizoga na kondo za nyuma zizikwe au zitolewe siku ileile, maana ndizo zinazomfundisha koyote ladha, uwazi wa chini ya uzio uzibwe. Mbwa wa kulinda wa aina ya Great Pyrenees au Anatolian ni msaada mkubwa, lakini wawili, siyo mmoja. Mmoja anavutwa upande huu na dume huku jike akiingia upande ule, nimeona kwa kamera.

Mei ile nilikuwa na hasira na nilitaka kwenda shimoni kwa Kigosho. Jirani yangu, mzee aliyefuga kondoo maisha yake yote, alinizuia. Ukimuua mama wakati huo watoto wanakufa njaa ardhini kwa siku kadhaa. Nikafungia mbuzi bandani, vifo vikakoma, nikasubiri. Wakati wa haki na wenye faida ni Januari na Februari, kabla ya mimba kukomaa.

Hatua ya 5: Tega pale anapojiona mgeni

Septemba nilijaribu mara mbili kumtega Kigosho karibu na uzio. Mara ya kwanza aliufukua mtego ukabaki juu kama sahani. Mara ya pili aliufukua na kuacha kinyesi pembeni yake. Nilidhani ni uchawi wa akili, kumbe sababu ni mbili na zote zinarekebishika.

Ya kwanza ni mahali. Utafiti wa kusini mwa Texas ulionyesha koyote wenyeji hunaswa zaidi mpakani au nje ya eneo lao kuliko katikati. Ndani ya eneo lake anajua kila kichaka, kwa hiyo kitu kipya kinamtisha. Akitoka mpakani, kila kitu ni kipya, na tahadhari ile inalegea. Kwa hiyo usitege mahali anapoua. Fuata vinyesi na michirizi ya mkojo mpaka uujue mpaka, kisha tega huko.

Ya pili ni ufundi. Mtego ukitikisika chini ya unyayo, koyote anajua. Chimba shimo la saizi ya mtego, ukandamize udongo pembeni na chini mpaka ukibonyeza taya kwa kidole kona yoyote hausogei hata kidogo. Kisha funika kwa udongo uliochekechwa, unene wa sentimita moja hivi. Majira ya baridi udongo wa kawaida unaganda na kufunga taya, kwa hiyo weka akiba ya udongo mkavu tangu kiangazi. Mtego uwe umechemshwa kuondoa mafuta, na usiushike kwa mikono mitupu wala kupiga magoti bila turubai. Chagua wenye taya butu zisizokutana kabisa, mnyororo mfupi wenye vizungushio, ili mguu usivunjike. Kaza kisahani cha katikati ya mtego, kile anachokanyaga mnyama, kihitaji uzito wa kama kilo 1.8, ili sungura na wanyama wadogo wapite salama.

Kwa vijana na wazururaji, tundu la chambo linatosha: tundu la kina cha sentimita 15 hadi 20 lililoinama kama pembe ya paa la nyumba, harufu ndani, mtego sentimita 20 hivi mbele yake na pembeni kidogo. Kwa mwenyeji mzoefu, achana na chambo. Chambo ni swali, na yeye hujibu maswali kwa kuzunguka. Tega njia yenyewe, mahali panapombana atue mguu palepale: kati ya mawe mawili, au baada ya kijiti anachokiruka. Daftari ndilo linalokuambia anakanyaga wapi. Kamwe usiache nyama juu ya ardhi karibu na mtego. Tai wanaona kutoka mbali, na kumnasa tai ni kosa kubwa la sheria.

Kagua kila asubuhi, hata kama jimbo linakuruhusu muda mrefu zaidi. Mnyama asikae mtegoni akiteseka. Mmalize kwa risasi moja ndogo kichwani, na ukikuta asiyehusika, mfunike kichwa kwa turubai na umwachie. Mbwa wako wa kulinda wasifike huko.

Hatua ya 6: Ukimwita, mwite kwa sababu yake

Kuna wanaopendelea bunduki na mlio. Mlio wa sungura anayelia huleta zaidi vijana, Oktoba hadi Desemba. Mwenyeji umpe jambo linalomhusu: Januari na Februari, mlio mmoja wa koyote mgeni, kisha nyamaza dakika kumi na tano. Atakuja kuuliza nani ameingia kwake. Kaa upepo ukikupiga usoni na jua mgongoni, na tazama zaidi upande ambao upepo unaelekea, kwa sababu atazunguka huko akunuse kabla hajajitokeza.

Usifyatue kama huna uhakika. Koyote aliyekoswa na risasi baada ya mlio fulani hasahau, na mwenzi wake amejifunza naye. Akisimama mbali na kukubwekea, amekwisha kukujua. Ondoka, usirudi na mlio huo mwaka huo.

Baadaye

Kigosho aliingia mtegoni tarehe 11 Februari, mita 900 kutoka uzio wangu, nje kidogo ya mstari wa vinyesi vyao, kati ya mawe mawili kando ya mfereji. Nilimtambua kwa kidole kabla sijamtazama uso. Mguu ulioshikwa ni uleule wa kushoto.

Dume alibaki peke yake majuma kama saba, akilia kila usiku. Kisha kamera ikaonyesha jike mwingine, mwekundu zaidi, mdogo. Sasa ni masika yao ya pili. Wanapita nje ya uzio alfajiri, yeye mbele, dume nyuma, wanasimama kwenye nguzo ya kona, dume anainua mguu, wanaendelea bondeni kwa panya. Mbwa wangu hubweka mara tatu nne na kulala tena. Ninazo picha zao 61 kwenye daftari na sijawategea kitu.